Daftari la Madlena

Binti yangu ameingia jikoni, koti amelikumbatia
kama aliyebeba mkate wa moto.
Nje theluji ya Machi inaanguka bila nia.
Amelikunjua mezani, kati ya sukari na miwani yangu:
mwewe mwekundu, mkia panda,
bawa la kushoto limekatwa kiwikoni.

Nilikuwa na maneno tayari. Miaka sita nimeyaweka akiba,
tangu alipoajiriwa kupanda minara ile myeupe
na kurudi nyumbani ananuka grisi na baridi,
akiniambia, Baba, upepo hauachi jivu.
Nilitaka kusema: haya, na hili je?
Misonobari mingapi mmeiangusha kule kilimani
kuupisha mguu mmoja wa zege?
Na betri zenu, chumvi yake inatoka kwa nani,
kisima cha nani kinashuka ili sisi tuitwe safi?
Aoshaye sahani atuambie pia
maji aliyamwaga wapi.

Badala yake nimemchukua ndege, nikampima kwa mizani ya unga.
Gramu mia tisa na arobaini.
Mzito kuliko nilivyodhani, mwepesi kuliko ugomvi wetu.

Maana mimi ni Handrij Kubica, dereva wa mtambo namba nane,
miaka thelathini na moja juu ya gurudumu la ndoo,
nikiimega nchi tonge kwa tonge.
Makaa yetu hata meusi hayakuwa: ya kahawia, mabichi,
yakinuka kama kabati lililofungwa zamani.
Lakini yaliwaka. Yaliwaka majira yale
baridi ilipopasua mabomba ya mji mzima,
na wodi alimozaliwa Madlena haikuzimika taa.
Hilo nalo liandikwe.

Oktoba moja gurudumu likafika Dubrawka,
kijiji cha mama. Lugha yetu ya Kisorbi ilikuwa imejibanza pale,
vinywani mwa watu mia na hamsini na kwenye mawe ya makaburi.
Wafu walihamishwa kwanza: kwa lori, kwa heshima, kwa risiti.
Kisha kanisa. Kisha mtufaha wa mama.
Mwenyewe alisimama nyuma ya uzio na viatu vya Jumapili,
akaniangalia kule juu, akapunga mkono.
Mpaka leo sijui alikuwa akiniaga
au akiniita nishuke.

Shimo sasa ni ziwa. Watalii wanalisifu.
Paneli za jua zinaelea safu kwa safu
juu ya kanisa ambalo halipo.
Mto utokao huko una rangi ya chai ya maziwa,
kutu ya chuma tulichokiamsha usingizini.
Nami kifua kinapiga filimbi nikilala.

"Wangapi?" nimemuuliza.
Hakujitetea. Ametoa daftari mfukoni mwa suruali,
kona zake zimeliwa na grisi:
tarehe, namba ya pangaboi, dume au jike, bawa lipi.
Kumi na mmoja tangu mwaka jana. Popo hamsini na watatu.
Ukurasa mwingine, nakala ya ombi kwa wakubwa wake:
mitambo mitatu ilale mchana msimu wa mavuno,
mwewe wanapofuata panya nyuma ya trekta.
Wamekubali mmoja.

Nimekaa na daftari hilo mpaka chai ikafanya utando.
Miaka thelathini na moja, na hakuna aliyetupa kalamu.
Tulihesabu tani. Tani tu.

Tumemzika nyuma ya banda la kuni.
Udongo ulikuwa mgumu, ikabidi nilete sururu.
Kisha nimerudi mezani, nikaligeuza daftari juu chini,
nikaanzia ukurasa wa nyuma:
Dubrawka. Nyumba sitini na mbili.
Ya kwanza, kwa Wórša, mjane, kuku weusi.
Ya pili, kwa mhunzi,
nikakwama.
Madlena ameinama begani mwangu.
"Jina lake," anasema.
Ngoja. Linakuja. Alikuwa na kigugumizi,
na aliwahi kumkopesha baba baiskeli.