Karatasi Iliyomezwa na Mashine

Mvua ya Tukuyu haijui kupiga hodi.
Imeingia tangu Jumatano, imekaa,
nasi wanne tumejibanza kwa Subilaga fundi,
miguu juu ya mabaki ya vitenge.
Mimi nasoma, wao wanamenya magimbi.

Riwaya ni ya mwanamke wa Shirazi.
(Huku mlimani hakuna anayejiita Mshirazi,
hatuna babu wa kujivunia kule.)
Imeandikwa Kiajemi, ikapitia Kiingereza,
ikanifikia nakala ya kurudufu,
imechoka kama mgeni aliyebadilisha mabasi matatu,
nami naishusha kwa Kiswahili,
pengine naikwaruza.

Ila maneno yalitutangulia.
Mahari. Talaka. Aibu. Ruhusa.
Yalifika zamani kutoka Uarabuni,
yakapanda hadi Rungwe bila mkalimani.
Dirisha nalo, wanasema, ni la Waajemi.
Maneno yalikuja;
wanawake waliofungiwa ndani yake
ndio kwanza wanawasili.

Mume wa Behnaz hampigi.
Hilo lilimkera Tumpe:
“Sasa kesi yake nini?”
Nikasoma tena. Humfungia mlango akienda kazini,
taratibu, asimwamshe,
na jioni humletea makomamanga.
Kisu cha Tumpe kikabaki katikati ya gimbi.

Ukurasa wa mia moja na kumi, mlango umefungwa.
Wa mia moja na kumi na tatu,
Behnaz yuko barabarani, ufunguo mkononi.
Kati yake karatasi moja haipo.

“Kapita dirishani,” alisema Subilaga,
asiinue macho kwenye cherehani.
“Kafunguliwa na jirani,” Tumpe akasema,
“au huko Shirazi hawana majirani?”
Mimi msomi nikaleta neno kubwa, ukombozi,
likaangukia kwenye maganda.

Atuganile hakuwa amesema kitu
tangu tulipoanza sura ya kwanza.
Pengine tangu matanga.
Shemeji yake huingia kwake kama hii mvua,
huzunguka nyuma ya nyumba
akihesabu mistari ya chai kwa sauti,
kisha huuliza chakula.

“Hakutoka kwanza,” alisema.
“Aliita fundi, akabadilisha kitasa.
Ndipo akatoka kununua mkate.”

Tumpe akacheka: mkate umetoka wapi tena?
Nikasogeza karatasi karibu na kibatari,
nikashuka mistari ambayo sikuwa nimeisoma.
Behnaz kasimama kwenye foleni ya mkate.
Ameshika ufunguo kwa nguvu
mpaka meno yake yamechora kiganja.

Hatukuendelea. Umeme ulikuwa haujarudi,
na magimbi yalitosha.
Atuganile akakung’uta khanga,
akamuuliza Subilaga
kama mtu anayeulizia bei ya uzi:
“Hivi kitasa, kile cha kukaza kwa skrubu nne,
pale stendi wanauza shilingi ngapi?”