Nesi wa Maneno

Sianzi kwa utukufu,
ni kanzu nyeupe, refu,
upindo wake dhaifu,
iliyofika dukani.

Aliileta mwenyewe,
akanambia, "Na iwe
kama zamani, isiwe
pana wala fupi chini."

Jina lake ni Loreta,
huku Langoni twamwita
Bi Lota, na akipita
husalimu barazani.

Babaye fundi wa saa,
mamaye muuza taa,
yeye hupenda kuvaa
nguo zao kiooni.

Kwao alikuwa nesi,
si nesi nesi halisi,
mwenye mwendo wa upesi,
nesi wa televisheni.

Miaka tisa kamili
alipima homa kali
kwa kipimo si cha kweli,
za wagonjwa wa kubuni.

Alikufa mara tatu;
kwao wakalia watu,
na Jumatatu, si kitu,
yuko hai, yu kazini.

Barua zilimfika
za mama aliyechoka,
za babu anayetaka
kujua dawa ya ini.

Alizijibu kwa wino,
kila moja, kwa mkono:
"Mimi nesi wa maneno,
nendeni hospitalini."

Umri ulipofika
hamsini, wakamweka
kando, na wakaandika:
amekwenda safarini.

Hakufa mara ya nne
ili watu wamuone;
si neno moja jingine
alilopewa kinywani.

Simu ikafa sauti,
akalifunga kabati,
akanunua tikiti
kwa kidole ramanini.

Hapa Lamu kawasili
kwa wiki moja, awali;
miaka kumi na mbili
bado, na punda uani.

Kiswahili hukivunja,
na si kwamba ni ujanja:
husema ametuonja
akituona njiani!

Kombo alipata kanda,
kitandani tulipanda,
tukaona, tukapenda
sura ile runingani.

Kesho yake watu tele,
huyu jino, kovu yule,
na mwenye wake upele,
wamejaa mlangoni.

Akacheka, akakana,
"Mie dawa sina, sina,"
akawapa chai, tena
vitumbua sahanini.

Sasa nije kwa mwanangu
Shee, kitindamimba wangu:
aliwaka kama chungu
usiku wa Ramadhani.

Baba yake yuko Pate;
mlango upi nipite?
Wanaume, wote wote,
wangali msikitini.

Nikagonga kwa Bi Lota.
Nilimwona akisita,
kisha mikono kafuta,
akaja peku, mbioni.

Akaketi kwa karibu,
hana dawa ya kutibu,
sauti tu, taratibu,
ile ile ya kandani.

"Hesabu pumzi," kanena,
"moja, mbili, vuta tena,"
na mimi nikaiona
hofu ikishuka chini.

Kitambaa cha baridi,
hadi watu wakarudi
na rukwama ya Abadi;
tukenda hospitalini.

Kule nesi wa halisi
akamdunga upesi;
kauliza, "Huyu nesi
kasomea nchi gani?"

Bi Lota kainamisha
kichwa, bila kujivisha
sifa: "Kazi ilikwisha,
nilistaafu zamani."

Kanzu ni ya kazi ile.
Nimeshona vile vile;
damu ya rangi, ya kale,
naiacha mkononi.

Akiuliza ni ngapi,
nitamjibu: "Kwa lipi?
Ni upindo tu, mfupi,
na Shee yuko chuoni."