Kabla ya Matope

Saa tano usiku, Keighley. Manyunyu.
Koleo. Kamba ya kuvutia na pingu zake mbili.
Glavu. Kipimo cha upepo wa matairi.
Soksi: Mwanashuru kaongeza jozi ya tatu,
hasemi kitu,
anakaza kifuniko cha chupa ya chai
kama anayefunga skafu shingoni mwa mtoto.

Miaka kumi na tisa naendesha basi.
Kengele ikilia, nasimama.
Taa ikiwaka nyekundu, nasimama.
Bibi mmoja wa Shipley akishuka husema ahsante,
nami humjibu kupitia kiooni.
Kesho kule mlimani hakuna kituo.

Jirani Graham kachuchumaa, tochi mdomoni,
anabonyeza tairi kama anayechagua papai.
“Huko utatoa upepo, gari lilegee, liishike ardhi.
Na mteremkoni usiguse breki. Iachie injini.”
Rahisi kusema.
Mguu wangu huu wa kulia
umekula mshahara wa breki.

Nimefunga buti, nikalifungua tena.
Nimesahau nini?
Beji ya kazi ingali kifuani.
Nikaivua, nikaiweka juu ya friji.

Halafu nikairudia.
Huenda kondoo wakataka tiketi.