Picha ya Julai

Mimi ni karani wa dirisha la tatu,
ofisi ya kata, kaskazini mwa Ulan Bator,
huku jiji linakopanda mlima bila kibali.
Kazi yangu muhuri. Asubuhi naupumulia kwanza,
maana wino huganda kama maji ya ndoo.

Jumanne akaja Bi Tserenkhand.
Akatoa kopo la maziwa ya unga,
ndani ya kopo mfuko wa plastiki,
ndani ya mfuko hati,
na ndani ya hati mita za mraba mia saba,
jina la marehemu mumewe, sahihi tatu.
"Nionyeshe nilipo."
Nikageukia ramani ya ukutani, mpya, bado inanuka gundi.
Alipo palikuwa kijani.

Kijani ni bustani ya umma, nikamweleza.
Mabenchi. Miti, fedha zikipatikana.
Alikitazama kidole changu
kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemjua.
"Mwanangu," akasema, "mimi si nyasi."

Usiku zamu ni ya Koplo Luvsandorj, askari wa mtaa.
Bunduki hana. Ana tochi, daftari na pua.
Dohani isiyofuka saa nne usiku, anagonga mlango.
Dohani inayofuka kupita kiasi, anagonga vilevile,
kwani sumu ya makaa haibishi hodi.
Januari aliwatoa watoto wawili kwa Khishigjargal:
wa kwanza alitapika kwenye theluji, akaishi;
wa pili alikwisha kuwa mzito.
Tangu hapo anaandika kila kitu.
*Mlango wa buluu: mlevi, hapigi mtu.*
*Mbwa mweusi: anauma, pitia kushoto.*
*Mama wa mapacha: makaa yameisha, mkumbushe jirani.*

Kikao cha hadhara kilikuwa ukumbi wa shule,
watu wamekaa kwenye viti vya watoto, magoti kidevuni.
Mhandisi Erdenebat, kijana mpole, viatu vya mjini,
akawasha mashine, mlima wetu ukatokea ukutani:
nyua za mbao, na ndani ya nyua, majani matupu
yenye alama za duara, moja moja,
kama vikombe vilivyoinuliwa mezani.
"Viwanja vilivyotelekezwa," akasema.
"Setilaiti haina upendeleo."

Koplo akasimama, kofia mkononi.
"Picha hii, mheshimiwa, ilipigwa lini?"
"Julai."

Kwanza tulicheka. Ukumbi mzima, hadi bibi wa mbele akakohoa.
Kisha hakuna aliyecheka.
Julai mahema ya sufi yanakunjwa, yanapakiwa,
nusu ya mlima iko nyikani inakamua farasi wa shemeji.
Julai hata mimi sipo.
Kumbe hivyo ndivyo tulivyofutwa:
kwa kwenda kusalimia ndugu.

Koplo akafungua daftari, akasoma.
Hakuhutubia. Alisoma tu kama mwalimu anayeita mahudhurio:
dohani ya kwanza, jina, wangapi wanalala humo.
Dohani ya pili.
Mwingine akaitikia "nipo", kwa mazoea,
na kila aliyetajwa baada yake akaitikia.
Arobaini na tatu.
Mhandisi aliandika, akaacha kuandika, akaandika tena.

Rasimu ya pili imefika jana.
Kijani kimesogea vidole viwili magharibi,
kimekiacha kiwanja cha Bi Tserenkhand,
kimekalia kioski cha maji.
Hapo ndipo mlima mzima unapopanga foleni na madumu,
na mimi na langu, kila baada ya siku mbili.

Nikachukua penseli. Nikaweka nukta arobaini na tatu,
na kwenye kioski, duara.
Mkuu wangu akachungulia begani:
"Penseli si waraka."

Ni kweli. Kanuni naijua.
Nikauleta muhuri karibu na mdomo,
nikaupumulia mpaka ukapata joto.