Nilishika Tochi

Shimo lilichimbwa na mkandarasi wa maji, pale Manzase.
Akalipwa nusu, akaondoka na nusu ya kiu yetu,
likabaki limeachama kando ya njia ya mashamba ya uwele.

Wa kwanza kutumbukia alikuwa digidigi.
Macho kama yamepakwa wanja na somo wake,
miguu njiti za kiberiti,
pua inachezacheza, inaomba radhi kwa kutuamsha.
Na kweli tuliamka, kitongoji kizima.
Ndahani alileta kamba ya dume lake la ng'ombe,
Sechelela akavua kitenge cha juu, kile cha kanisani,
Chilewa, na mgongo wake mbovu, akashuka mwenyewe.
Mimi, miaka kumi na mmoja, nilishika tochi.
Tukamletea maziwa ya mbuzi katika kibuyu.
Hakunywa. Tukambembeleza. Hakunywa.
Tukampa jina la bibi harusi wa mwaka ule.
Siku ya tatu akafa.
Tulimlilia, kisha tukamla.

Siku ya tisa alitumbukia muhanga.

Niseme nini juu ya umbo lile?
Masikio ya punda, pua ya nguruwe,
mkia kama mchi uliosahauliwa mvuani,
ngozi tupu yenye vinyweleo vya kubahatisha:
kiumbe kilichoshonwa usiku kwa vipande vilivyobaki.
Mtu akacheka. Mwingine akauliza nani kamtuma.
Sechelela akakaza kitenge chake kiunoni.
Kamba ya Ndahani ilikuwa nyumbani, imening'inia.
Mawe hayakuwa mbali.

Nilishika tochi.
Hakutuonyesha jino, mla mchwa yule,
mchwa haohao wanaotafuna nguzo za nyumba zetu.
Alichimba ukuta kwa kucha, udongo ukamwangukia, akachimba.
Mwanga wangu ukateleza hadi tumboni pake, nikaona
chuchu zimevimba, zinadondosha maziwa vumbini.
Mahali fulani, ndani ya tundu,
palikuwa na mdomo unaosubiri.

Sikusema.
Asiyeyataka maziwa tulimbebea maziwa,
na aliyekuwa nayo tukambebea mawe.

Ningezima tochi, nawaza sasa.
Gizani angekuwa pumzi tu,
fupi, ya haraka, ileile ya digidigi,
na mkono haujui kuchagua kati ya pumzi na pumzi.
Lakini nilimulika.
Walihitaji kulenga.

Lugha ilikuwa imetuambia mapema.
Ilimwita muhanga,
karibu sana na neno la yule anayetolewa kafara,
nasi tukadhani ni jina tu la mnyama.

Siku hizi nauguza watoto, Dodoma mjini, zamu ya usiku.
Vitanda viwili vikilia pamoja
miguu yangu huanza kwenda
kwa yule mwenye vishimo mashavuni,
aliyefundishwa na nani sijui kuniita "shangazi",
kabla sijajua inaelekea wapi.
Naisimamisha.
Nageuka kwa yule wa dirishani, aliyeunguzwa uso na uji,
ambaye hata mama yake humlisha akitazama ukuta.

Huruma yangu ina macho, na hiyo ndiyo kasoro yake.
Nyingine sijapewa.
Basi usiku mwingine, kabla sijamfikia,
nazima taa kwanza.