Mlima Uitwao Sijui

Basi lilitutua Seatoller saa tatu na robo.
Dereva akatazama mikoba yetu, kisha mbingu,
kisha viatu vyangu,
akafunga mlango polepole, kama wa chumba cha mgonjwa.

Mwanamvua alikuwa mbele. Siku zote mbele.
Kiwandani Carlisle, zamu ya usiku,
ndiye afikaye kwanza kwenye tanuri la biskuti,
ndiye aliyenishika bega wiki ile
nilipolia ndani ya kofia ya wavu.
"Wewe wa kisiwani," alisema, "hujui mlima.
Mimi Msambaa, nimezaliwa Lushoto.
Miguu yangu ina kumbukumbu."

Kweli, sijui mlima.
Kwetu Wete kilima unakipanda na pakacha la karafuu kichwani
na unafika juu hujamaliza hadithi uliyoianza chini.
Hapa tumemaliza hadithi zote,
za mume wangu, za msimamizi mwenye jino la dhahabu,
na njia bado imesimama wima mbele yetu
kama mtu anayedai.

Na mvua. Si ile ya kishindo, ipitayo ikaenda zake,
bali hii yao, isiyonyesha wala kukoma,
inayokaa hewani kama umbeya
ukalowa usijue ni nani aliyeanza.
Kondoo wamepakwa rangi ya buluu ubavuni,
wanatafuna, wanatutazama
kama mashangazi kwenye harusi wasiyoalikwa.

Mwanamvua akatunga, pumzi zikimkatika:

    Mlima hauna pupa,
    utembee kama kupa,
    ujapovunjika fupa
    mwisho wake ni kilele.

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye jiwe.
Ramani ilikuwa kwapani mwake, imekunjwa, haijaguswa.

Saa nane ukungu ukashuka.
Ukafuta kilele, ukafuta kuta za mawe, ukafuta kondoo,
ukabakisha koti lake jekundu.
Kisha koti likasimama.

"Kulia." Tukaenda kulia.
"Hapana, huku." Tukaenda huku.
Jiwe lile lile lenye ufa likatupokea mara ya tatu
nami sikusema kitu.
Kusema kungekuwa kumvua nguo.

Akaketi. Akaikunjua ramani, ikalowa, ikachanika mkunjoni.
"Niliondoka Lushoto nina miaka minne," alisema.
"Nimekulia Magomeni.
Mlima naujua kwa kalenda ya bibi."

Miaka mitatu ya zamu za usiku
nimeegemea mlima usiokuwepo
na haukuniangusha.

Nikamtua mkoba. Ulikuwa mzito kuliko wangu:
sufuria, mchele, hata kinu cha kutwangia thumu.
Nikamwambia anyamaze kidogo.
Kisiwani sikujifunza kupanda, lakini
mwaka visima vilipokauka
mama alitufundisha kutafuta chemchemi kwa masikio.
Nikafumba macho.
Kushoto, chini ya ukungu, kitu kilinong'ona,
kijito, chembamba, kinachojua kinakokwenda.

Tukakifuata. Safari hii yeye nyuma,
ameshika mkanda wa mkoba wangu
kama mtoto anayevushwa barabara.
Ziwa lilifika miguuni kabla ya machoni:
nilidhani ni dimbwi, mpaka goti likazama.
Tukasimamisha hema upande wa upepo, kwa makosa.
Wali ulikuwa na kiini. Tukaula hivyo hivyo
ukilia menoni, hatuongei,
na haikuwa vibaya.

Alfajiri nilitoka kutawadha.
Maji yakanipiga hata nia ikaniruka,
nikaanza upya.
Nilipoinua uso ukungu haupo:
vilele pande zote, vimetuzunguka,
vilikuwapo usiku kucha, karibu namna ile,
sisi ndani ya turubai tukigombania blanketi.

Mwanamvua akatoka, nywele zimesimama,
akanyoosha kidole, sauti ile ile ya kiwandani:
"Unauona ule mkubwa? Ule ni—"

Akashusha kidole.
"Sijui," akasema.

Tukauita hivyo mpaka tuliposhuka.
Sijui kushoto, Sijui nyuma yetu,
Sijui juani, unavuka jasho,
na yeye akiutaja kwa upole
kama jina alilolikuta mwenyewe.