Mnoa Misumeno wa Elburgon

Mji wetu ulizaliwa na msumeno.
Kabla yake, wasema Waogiek, palikuwa na mizinga
ya mtarakwa juu kwenye ukungu,
na asali iliyojua jina la kila bonde.

Kisha reli ikapanda mlima,
kikaja kiwanda, kikaja king'ora:
saa moja kasorobo, hata majogoo walikingoja.

Guka Gathirwa alinoa meno ya misumeno.
Kwa mkono wa kushoto alihesabu hadi tatu.
"Vile viwili," alicheka, "vimo sakafuni
mwa nyumba fulani huko Nakuru.
Wanavipiga deki kila Jumamosi."

Kuni hatukununua.
Tulichota vumbi la mbao kwa magunia,
tukalishindilia jikoni kuzunguka chupa,
tukaichomoa chupa taratibu, tukawasha lile shimo.
Maharagwe yaliiva usiku kucha.
Darasani tulinuka msitu; tulidhani
watoto wote duniani hunuka hivyo.

Ukataji ulipopigwa marufuku
king'ora kililia mara moja, adhuhuri, bila sababu.
Bi Tapsiargaa wa mkahawa
alikuwa ameshachemsha chai ya watu hamsini.
Wakaja wanne. Wakanywa wamesimama.

Guka aliendelea kunoa: visu, majembe,
mikasi ya mafundi cherehani,
na msumeno mmoja ambao hakuna aliyemletea.

Jeneza lake lilikuwa la mbao kutoka Kongo.
Kabla hawajalifunga, shangazi aliinama,
akalinusa pembeni.
"Hii," akasema, "hawakuifahamu."